Kupima kwa Mwanga Plazma Mbili Zenye Sumaku Zinapogongana

Mwongozo huu ni wa timu ambayo tayari ina mashine: plazma mbili (gesi za moto ambazo atomi zake zimepoteza elektroni na kuwa ioni) zinatengenezwa kwenye ncha mbili za chombo cha ombwe, zinarushwa moja kuelekea nyingine, zinakutana katikati. Sasa inatakiwa kujulikana nini kilitokea zilipokutana. Mfano tunaoutumia ni plazma za aina ya FRC, zile ambazo uga wa sumaku wa ndani umeelekea kinyume na uga wa nje. Ndivyo zilivyofanya kazi mashine za familia ya C-2 za kampuni ya TAE huko California na mashine ya FAT-CM ya Chuo Kikuu cha Nihon nchini Japani. Wanaounganisha sferomaki (plazma zinazojishikilia kwa uga wao zenyewe), kama ilivyofanywa kwenye mashine ya SSX ya Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, watatumia mambo yaleyale kwa namba tofauti.

Hesabu zote humu zinashika plazma hii: kila upande unakuja kwa kasi ya kilomita 200 kwa sekunde, elektroni ni 10²⁰ kwa kila mita ya ujazo, kipenyo ni mita 0.4, na ioni zina jotoridi la eV (elektronivolti) 50 kabla ya mgongano. Gesi ni deuteri. Weka namba zako mahali pa hizi na urudie hesabu kabla hujaagiza kifaa chochote.

Sababu ya kutumia mwanga ni kwamba haugusi plazma. Kijiti cha kupimia kikiingizwa ndani huipoza, huichafua, na katika mgongano huwa kizuizi kinachosimama njiani. Ila mwanga una sharti lake: kila unachokisoma ni jumla ya kila kitu kilicho kwenye mstari wa kutazama, na mgongano unaweka kwenye mstari huo vitu viwili vinavyokimbia kinyume. Makosa mazito ya kazi hii hutoka hapo.

Anza na saa

Kwa kilomita 200 kwa sekunde plazma hupita mita moja kwa maikrosekunde 5. Nanosekunde 100 ni sentimita 2. Mwanga ndani ya faiba, na vilevile umeme ndani ya kebo ya kawaida ya koaksia, huchelewa takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo chaneli yenye faiba ya mita 25 na nyingine yenye mita 5 hutofautiana kwa nanosekunde 100 hata kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa vikuza ishara. Ukizilinganisha bila kusahihisha, utaona plazma ya kushoto ikifika kabla ya ya kulia na utaanza kutafuta kosa kwenye kapasita zisizo na kosa.

Njia ya kusahihisha ni rahisi. Chukua diodi ya leza inayotoa mpigo mfupi wa mwanga, gawa mwanga wake kwa faiba zenye urefu sawa, ingiza kila tawi kwenye lenzi ya chaneli husika, kisha rekodi chaneli zote kwa pamoja. Tofauti za muda zinazoonekana ndizo za kuondoa kwenye data. Rudia kila unapobadilisha faiba, kebo au volti ya fotomaltiplaya (kigunduzi kinachogeuza mwanga hafifu kuwa mkondo wa umeme), maana muda wa elektroni kupita ndani ya fotomaltiplaya hubadilika na volti.

Swichi za kapasita zikifyatuka hutoa kelele kubwa ya umeme, na kelele hiyo huingia kwenye kila waya. Vigunduzi na dijitaiza (vinasa ishara kwa namba) vikae ndani ya chumba chenye ngao ya chuma, mwanga uletwe huko kwa faiba, na triga (ishara ya kuanzisha) nayo ipite kwenye faiba. Fotomaltiplaya ikilazimika kukaa karibu na mashine, ivalishwe ngao ya aloi ya nikeli inayoshika uga wa sumaku. Bila ngao hiyo ukuzaji wake hushuka uga unapopanda, na mkondo unaousoma hufuata koili badala ya plazma.

Madirisha

Kioo cha kawaida cha maabara hukata mwanga chini ya nanomita 350 hivi. Ukitaka mistari ya spektra ya kaboni (rangi maalumu zinazotolewa na kaboni iliyo ndani ya plazma kama uchafu) iliyo karibu na nanomita 230, dirisha, lenzi na faiba vyote viwe vya silika safi ya kupitisha urujuanimno. Kipande kimoja cha kioo cha kawaida njiani kinatosha kuua ishara yote. Kwa leza ya maikromita 3.39 tumia safiri au floridi ya kalsiamu, na kwa maikromita 10.6 tumia selenidi ya zinki. Safiri ikatwe ili mhimili wa fuwele uwe sambamba na mwanga, la sivyo itachezea upolaji wa leza, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wake.

Upande wa pili wa kila mstari wa kutazama weka shimo lenye kina au bamba jeusi lililochongwa mifereji. Ukuta unaong'aa huakisi mwanga wa eneo la kutengenezea plazma, ambako mwanga ni mkali mno, na utauona mgongano uking'aa kabla haujatokea.

Madirisha huchafuka. Weka kifuniko kinachofungwa wakati wa kusafisha kuta kwa mapigo (kila pigo ni urushaji mmoja wa plazma), na pima upitishaji wa kila dirisha kwa taa iliyopimwa kila baada ya kampeni ya majaribio. Uchafu hushika urujuanimno kwanza, kwa hiyo uwiano kati ya mstari wa nanomita 229.7 na wa 464.7 unaweza kubadilika polepole bila plazma yenyewe kubadilika.

Interferomita: chagua urefu wa wimbi kwa hesabu

Interferomita hulinganisha mwanga uliopita kwenye plazma na uliopita nje ili kuhesabu elektroni. Awamu ya mwanga inayobadilishwa na elektroni ni zao la vitu vitatu: 2.82 × 10⁻¹⁵ mita, urefu wa wimbi, na jumla ya elektroni kwenye mstari. Plazma yetu ina jumla ya 4 × 10¹⁹ kwa kila mita ya mraba. Kwa leza ya heli na neoni ya nanomita 632.8, hiyo ni nyuzi 4 tu za awamu. Kwa maikromita 3.39 ni nyuzi 22. Kwa dioksidi ya kaboni ya maikromita 10.6 ni karibu nyuzi 69.

Mtikisiko hufanya kinyume. Pampu ikitikisa njia ya mwanga kwa maikromita 1 mara 100 kwa sekunde, ndani ya maikrosekunde 50 njia inaweza kubadilika kwa nanomita 31. Kwa leza nyekundu ya nanomita 632.8 hizo ni nyuzi 18 za awamu, zaidi ya mara nne ya ishara ya plazma. Kwa 3.39 ni nyuzi 3, na kwa 10.6 ni nyuzi 1. Ishara ya plazma huongezeka na urefu wa wimbi huku ya mtikisiko ikipungua, hivyo faida hukua kwa mraba. Kwa plazma ya wingi huu tunapendekeza 3.39 kama huna bajeti ya kigunduzi na lenzi za 10.6. Leza nyekundu ifae wenye plazma nzito zaidi, za 10²¹ na kuendelea.

Kuna habari njema kuhusu teke la koili. Sauti katika chuma huenda kilomita 5 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mshtuko wa koili huchukua maikrosekunde 200 kusafiri mita moja kwenye fremu. Pigo la maikrosekunde 100 linakuwa limekwisha mshtuko ukiwa bado njiani. Kinachobaki ni mtikisiko wa polepole wa pampu, ambao unaonekana kabla ya pigo: rekodi maikrosekunde 200 kabla ya triga, pitisha mstari ulionyooka, uuondoe kwenye data yote. Lakini bamba la alumini linaloshikilia vioo likiwa karibu na koili hupata mkondo wa umeme ndani yake na husukumwa papo hapo, bila kusubiri sauti. Karibu na koili tumia mbao, graniti au faibaglasi.

Mpangilio wenyewe: gawa leza katika mikono miwili, mmoja upite kwenye plazma na mwingine nje. Mkono mmoja upitishe kwenye seli ya akustiki inayoongeza masafa kwa megahezi 40. Changanya mikono kwenye kigunduzi chenye kasi ya kutosha kwa masafa hayo, na rekodi sampuli milioni 200 kwa sekunde au zaidi. Sawazisha urefu wa mikono ndani ya sentimita chache, kwa sababu leza yenye modi kadhaa hupoteza ulinganifu wa awamu mikono ikitofautiana. Kisha ziba mkono wa plazma kwa kadi na uangalie kigunduzi: mawimbi ya megahezi 40 yakibaki, yanatoka kwenye kiendeshi cha seli na yanaingia kwa waya. Tatizo hilo ni la kawaida sana, na halionekani kwa macho kwenye data ya kawaida kwa sababu hujifanya awamu inayoyumba taratibu.

Kamera na vichujio

Muda wa kufungua kamera usizidi nanosekunde 100, ambapo plazma husogea sentimita 2. Kwa maikrosekunde 1 husogea sentimita 20 na ukingo wa mbele wa mgongano huyeyuka kwenye picha. Fremu milioni moja kwa sekunde hutoa picha tano kwa kila mita ya safari, na hiyo inatosha kuona kama pande mbili zilikutana katikati au zilikosana.

Mwanga wa deuteri wa nanomita 656.1 hutoka mahali penye atomi zisizopoteza elektroni, yaani pembezoni na karibu na kuta. Katikati penye joto huonekana giza. Usisome giza hilo kama ukosefu wa plazma. Ukitaka wingi wa ndani, tumia mwanga wa breki za elektroni (unaotoka elektroni zinapopunguzwa kasi na ioni) katika eneo lisilo na mistari ya atomi, mara nyingi karibu na nanomita 523 au 550, lakini kwanza piga spektra ya mashine yako kuhakikisha uchafu wenu hauna mstari hapo. Mwanga huo hufuata mraba wa wingi wa elektroni, na tutautumia hapo chini.

Angalia kichujio chembamba kinavyoharibu picha pana. Kichujio cha tabaka husogeza dirisha lake kuelekea bluu mwanga ukiingia kwa pembe: kwa nyuzi 15, na fahirisi ya ndani ya 2, dirisha la 656 huhamia karibu na 650.5. Kichujio chenye upana wa nanomita 3 kikiwa mbele ya lenzi pana kitaonyesha plazma yenye kingo nyeusi, na mtu ataandika kwamba kipenyo kilipungua. Weka kichujio mahali ambapo miale ni sambamba, au chukua chenye upana wa nanomita 10 na ukubali mwanga wa ziada.

Jotoridi la ioni kwa athari ya Doppler

Ioni inayokimbia husogeza urefu wa wimbi wa mwanga wake, na ioni zenye joto, zikikimbia pande zote, huupanua mstari wa spektra. Hapa ndipo penye thamani kubwa na mitego mingi, kwa sababu mgongano hugeuza mwendo kuwa joto na mengi ya joto hilo huenda kwa ioni.

Upana wa mstari katika nusu ya kimo chake, ukigawanywa kwa urefu wa wimbi, ni 7.7 × 10⁻⁵ mara kipeuo cha pili cha jotoridi kwa eV likigawanywa kwa namba ya masi. Kaboni ya nanomita 464.7 ikiwa na eV 50 ina upana wa nanomita 0.073. Spektromita ya mita 1 yenye greting (bamba la mifereji myembamba linalotawanya rangi) ya mistari 2400 kwa milimita hutawanya takriban nanomita 0.35 kwa milimita, na mpasuko wa maikromita 30 huongeza upana wa 0.01 tu. Fotomaltiplaya ya chaneli 32 zenye nafasi ya milimita 1 haiwezi kukaa moja kwa moja hapo; kuza taswira mara 20 kwa lenzi ili kila chaneli ishike nanomita 0.0175. Upana wa kifaa upimwe kwa taa na utolewe kwa miraba, si kwa kutoa moja kwa moja. Kwa eneo la 229.7 taa ya kadimi ina mstari wa 228.8, jirani wa karibu.

Sasa mtego. Tuseme faiba yako inatazama mhimili wa mashine kwa pembe ya nyuzi 80, kwa sababu dirisha lilipatikana pale. Kosini ya 80 ni 0.174, hivyo mkondo wa kushoto unaonekana ukija kwa kilomita 35 kwa sekunde na wa kulia ukienda kwa kasi ileile. Kila mmoja husogeza mstari kwa nanomita 0.054, kinyume na mwenzake. Vilele viwili vilivyoachana kwa 0.108, kila kimoja na upana wa 0.073, huungana kuwa umbo moja pana lenye bonde katikati. Ukipitisha umbo moja la Gauss (la kengele) juu yake utasoma takriban eV 200 mahali ambapo ioni zina 50. Hakuna joto lililozaliwa; mikondo imepishana tu kwenye mstari wako.

Namna ya kujikinga:

1. Tazama kwa nyuzi 90 kamili, na pima pembe kwa leza inayotumwa kinyume kupitia faiba hadi ukuta wa pili. Kosa la nyuzi 2 bado linaleta kilomita 7 kwa sekunde kwa kila upande, ambalo linavumilika.
2. Ongeza mstari wa kutazama wa pili wenye pembe ya makusudi, nyuzi 45 kwa mfano. Joto la kweli hupanua spektra ya mistari yote miwili sawa. Mwendo hupanua ya wa pili peke yake.
3. Angalia umbo la mabaki baada ya kupitisha Gauss. Mikondo miwili huacha bonde katikati na mabega pembeni, joto haliachi.

Kwa mstari wa kutazama kwenye mhimili, 464.7 haifai kabisa. Mwendo wa kilomita 200 huusogeza kwa nanomita 0.31, na ndugu yake wa kundi hilohilo yuko 465.03, umbali wa chini ya 0.3 (464.7 kwa usahihi zaidi ni 464.74). Zaidi ya hapo oksijeni iliyopoteza elektroni moja ina mstari kwenye 464.9. Tumia 229.7, ambao ni mpweke, ukijua kwamba unadai silika safi njia nzima. Utengano wa Zeeman (uga wa sumaku unapoupasua mstari wa spektra) usikusumbue: kwa tesla 0.1 ni kama nanomita 0.001 kwenye 464.7.

Jiulize pia kaboni hiyo iko wapi. Ioni ya kaboni iliyopoteza elektroni mbili hupoteza ya tatu kwa eV 48 hivi, kwa hiyo haidumu katikati penye joto. Inakupa habari za pembezoni. Kaboni iliyopoteza nne ina mstari kwenye 227.1, unaofikika kwa spektromita ileile kwa kuzungusha greting kidogo, na hiyo hukaa ndani zaidi. Soma zote mbili katika mapigo yanayofanana.

Na jotoridi la kaboni mara baada ya mgongano si la deuteri. Kwa kilomita 200 kwa sekunde ioni ya kaboni ina nishati ya mwendo ya karibu keV 2.5, deuteri eV 415. Zikisimamishwa ghafla na mwendo ukatawanyika, nzito hubaki na joto kubwa zaidi hadi migongano kati yao iwasawazishe. Andika "jotoridi la kaboni" kwenye mchoro mpaka uwe umehesabu muda huo wa kusawazika kwa wingi wako.

Mtawanyiko wa Thomson, kama uwezo upo

Hapa mwanga wa leza hutawanywa na elektroni, na mwanga huo hueleza wingi na jotoridi la elektroni. Leza ya joule 1 kwa nanomita 532 ina fotoni 2.7 × 10¹⁸. Katika plazma yetu, kutoka sentimita 1 ya njia yake na kwa lenzi inayokusanya steradiani 0.01, fotoni kama laki mbili tu ndizo zitaingia, kabla ya hasara za vioo na kigunduzi. Ndiyo maana mwanga uliopotea ni adui mkuu: weka mirija yenye vizuizi pande zote mbili za leza, na pima unyeti wa mfumo kwa nitrojeni iliyojazwa kwenye chombo. Kipimo ni cha nukta moja ya wakati kwa kila pigo, kwa hiyo kwanza hakikisha saa ya mgongano hairuki zaidi ya maikrosekunde 1 kati ya pigo na pigo. Ikiruka, unapima wakati tofauti kila mara na kuuita kutotabirika kwa plazma.

Utaratibu wa mapigo

Kwa kila hali unayoichunguza piga seti ya namna nne: koili bila gesi, kushoto peke yake, kulia peke yake, na pande zote mbili. Bila gesi inaonyesha kelele na mitikisiko, na huondolewa kwenye nyingine zote. Kushoto peke yake jumlisha na kulia peke yake ni kile ambacho kingetokea kama plazma hazingegusana. Tofauti kati ya jumla hiyo na pigo la pande mbili ndiyo mgongano. Mara nyingi timu huruka mapigo ya upande mmoja kwa haraka ya kupata matokeo, na baadaye haziwezi kutetea lolote.

Plazma ya upande mmoja huenda hadi koili ya kioo cha sumaku ya mbali na kurudi. Koili ikiwa mita 2 kutoka katikati, marudio yanafika maikrosekunde 20 baada ya kupita. Linganisha data za kabla ya hapo tu.

Interferomita ikionyesha jumla sawasawa, angalia mwanga wa breki. Plazma mbili zilizolala sambamba bila kuchanganyika hutoa mwanga mara mbili ya mmoja. Zikiingiliana mahali pamoja wingi huwa mara mbili na mwanga hukaribia mara nne. Interferomita ikizidi jumla, kuna mbano, na mwanga utazidi mara nne. Interferomita ikizidi huku mwanga ukibaki mara mbili, shuku kichujio au fotomaltiplaya iliyoshiba: punguza mwanga kwa nusu kwa kichujio cha kijivu, na kama ishara haikushuka kwa nusu, chaneli hiyo imeshiba.

Mwisho piga hesabu ya nishati. Kila deuteri inaleta eV 415 za mwendo. Hata yote yakigeuka joto bila hasara, jotoridi la ioni na la elektroni yakijumlishwa hayawezi kupanda kwa zaidi ya eV 277 hivi kutokana na mwendo huo, isipokuwa uga wa sumaku umeyeyuka na kutoa nishati yake au koili zimeibana plazma baadaye. Kipimo cha Doppler kikidai zaidi kwa deuteri, na sumaku hazionyeshi chanzo kingine, rudi kwenye faiba upime pembe upya.